Padre Augustus Tolton: Mtoto wa Watumwa Aliyefungiwa Milango ya Seminari



Wiki chache zilizopita dada mmoja tuliyewahi kuimba naye kwaya alinitumia meseji usiku. Aliniambia kwamba ana miezi minne hajakanyaga kanisani. Siku moja baada ya mazoezi kuna mtu alitoa maneno ya dharau kuhusu kabila lake, watu wakacheka, na viongozi waliokuwepo wakacheka nao. Akaniuliza kama kweli Kristo yupo mahali ambapo mtu anachekwa kwa sababu ya alikozaliwa.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Nimemaliza falsafa, nimefanya mitihani kuhusu uwepo wa Mungu na asili ya uovu, lakini usiku ule sikuwa na la kumjibu. Niliandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikamwomba anipe muda.

Katika huo muda nimerudi kusoma maisha ya mtu mmoja ambaye alikuwa na sababu nyingi za kuondoka Kanisani kuliko sisi wote, na hakuondoka. Leo nataka nikusimulie habari zake. Anaitwa Padre Augustus Tolton.

Mtoto wa Mungu, mali ya mtu

Augustus alizaliwa tarehe 1 Aprili 1854 huko Brush Creek, katika jimbo la Missouri, Marekani. Baba yake aliitwa Peter Paul Tolton na mama yake Martha Jane Chisley. Wote wawili walikuwa watumwa, na wote wawili walikuwa Wakatoliki. Martha alikuwa ameletwa kutoka Kentucky pamoja na binti wa bwana wake alipoolewa, kama sehemu ya mali ya bibi arusi, jinsi watu wanavyopeleka vyombo na vitanda.

Sasa, hapa tusipite haraka. Mabwana wa familia hii nao walikuwa Wakatoliki. Walisali katika kanisa lile lile la Mtakatifu Petro. Augustus alipobatizwa, mama wa ubatizo alikuwa bibi mwenye kumiliki familia yake, na kitabu cha ubatizo kikamwandika kuwa ni mtoto mweusi, mali ya Stephen Elliott. Hebu fikiria. Ukurasa uleule mmoja unasema huyu amezaliwa upya kwa maji na Roho, amekuwa mtoto wa Mungu, na unasema pia ana mwenyewe, kama ng'ombe.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza wa falsafa tulimsoma Aristotle, mzee tunayemheshimu sana seminarini, na tukakutana na ile sehemu ya kitabu chake cha siasa anapodai kwamba kuna watu ambao kwa asili yao ni watumwa. Darasa zima lilinyamaza. Mtu mwenye akili kiasi kile aliweza kukosea kiasi kile, kwa sababu alizaliwa akakuta mambo yako hivyo na akayaona ya kawaida. Wakatoliki wa Missouri hawakuwa na udhuru hata huo wa Aristotle. Wao walikuwa na Ubatizo mbele ya macho yao, na bado hawakuona.

Mama na mtumbwi

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani, majimbo ya Kaskazini na ya Kusini yakipigana, na utumwa ukiwa ndio kiini cha ugomvi. Familia ya Tolton ilisimulia kwamba Peter alitoroka kwenda kujiunga na jeshi la Kaskazini. Hakurudi. Alifia huko jeshini.

Mwaka 1862 Martha akaamua. Aliwachukua watoto wake watatu, Charles, Augustus aliyekuwa na miaka minane, na Anne ambaye bado alikuwa wa kubebwa, akaondoka nao kuelekea mto Mississippi. Upande mmoja wa mto ni Missouri, ambako utumwa ulikuwa halali. Ng'ambo ni Illinois, ambako haukuwa halali. Karibu na mji wa Hannibal walitaka kukamatwa, lakini askari wa Kaskazini wakawakinga na kuwasaidia kupata mtumbwi mbovumbovu. Martha hakuwa mvuvi wala baharia. Alishika makasia mwenyewe akavusha wanawe.

Walipofika ng'ambo aliwaambia kwamba sasa wako huru, na kwamba wasiusahau kamwe wema wa Bwana. Augustus aliyabeba maneno hayo maisha yake yote. Wengi wetu tukiulizwa tulianzia wapi kusali, tutamtaja mama au bibi. Huyu naye ni hivyohivyo. Kabla ya kukutana na padre yeyote wa kumsaidia, alikuwa ameshaiona imani ikipiga makasia.

Walitembea hadi mji wa Quincy, Illinois, wakapokelewa na watu weusi waliokuwa wakiishi pale. Martha akapata kazi katika kiwanda cha tumbaku, na wavulana wakafanya kazi pamoja naye. Muda si mrefu Charles akaugua na kufariki. Mtoto aliyevushwa mto ili awe huru hakuupata muda wa kuufaidi uhuru.

Shule mbili

Kiwanda kilikuwa kikifungwa miezi ya baridi, kwa hiyo Augustus alikuwa na nafasi ya kusoma kipindi hicho tu. Mama yake akampeleka katika shule ya parokia ya Kijerumani waliyokuwa wakisali. Paroko akampokea. Basi, wazazi wazungu wakaja juu. Walitishia kuwatoa watoto wao, wakamtumia paroko vitisho, na baada ya wiki chache Martha akamtoa mwanawe ili yaishe.

Baadaye alikutana na Padre Peter McGirr, mzaliwa wa Ireland, paroko wa parokia ya Mtakatifu Petro mjini hapohapo. McGirr alimwona kijana huyu akipita, akaongea naye, akaamua kwamba atasoma shuleni kwake. Wazazi wa hapo nao walinung'unika. McGirr hakurudi nyuma. Aliwahubiria waamini wake kuhusu jambo hilo, na Augustus akabaki shuleni.

Kijana mwenzangu, angalia hapa vizuri. Mji ni uleule, dini ileile, malalamiko yaleyale. Tofauti ilikuwa mtu mmoja kukataa kusukumwa. Sisemi yule paroko wa kwanza alikuwa mtu mbaya, alijaribu. Ila nauliza tu: pale kwenye mazoezi ya kwaya, kama mtu mmoja tu asingecheka, dada yangu angekuwa wapi leo?

Augustus akawa mtumishi wa altare. Alikuwa anaamka mapema kuhudumia Misa kabla ya kwenda kiwandani. Akajifunza Kilatini, na Kijerumani pia akakijua vizuri. McGirr akaanza kumwuliza kama amewahi kufikiria upadre.

Hakuna nafasi

Alikuwa amefikiria. Hapo ndipo ilipoanza ile miaka ya kusubiri ambayo mimi kama mseminari huwa inaniumiza nikiisoma. McGirr na mapadre wenzake waliandika barua kwenye seminari za Marekani. Majibu yakaja, na yote yalikuwa hapana. Hakuna seminari iliyokuwa tayari kumpokea kijana mweusi. Hawakumkuta na kosa la tabia wala la akili.

Hapa niweke jambo sawa. Kabla yake walikuwepo ndugu wa familia ya Healy, ambao mama yao alikuwa mtumwa na baba yao mzungu kutoka Ireland. James Healy alipadrishwa Paris mwaka 1854, mwaka uleule Augustus aliozaliwa, na baadaye akawa Askofu wa Portland. Lakini hao kwa rangi yao walionekana kama wazungu, na watu wengi waliwachukulia hivyo. Augustus hakuwa na njia hiyo. Weusi wake ulitangulia kuingia mlangoni kabla yake.

Akaendelea na kazi kiwandani. Mapadre wa Quincy wakamfundisha jioni baada ya kazi. Kisha Wafransisko waliokuwa na chuo pale mjini wakampokea asome kwao. Mmoja wao, Padre Michael Richardt, akasaidia kuandika hadi Roma. Na Roma, baada ya kusubiriwa sana, ikasema ndiyo. Mwaka 1880, akiwa na miaka 25, Augustus akapanda meli kwenda kusoma katika chuo cha Propaganda Fide, ambacho sisi leo tunakijua kama Urbaniana. Ndicho chuo ambacho baadaye alisoma Mwadhama Laurean Rugambwa, Kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu, na ambako mapadre wengi wa majimbo yetu bado wanakwenda kusoma.

Alijiandaa kwa Afrika, akarudishwa nyumbani

Miaka sita alikaa Roma. Alisoma falsafa na teolojia pamoja na vijana kutoka pande zote za dunia, na kwa mara ya kwanza maishani rangi yake haikuwa habari. Propaganda Fide iliandaa wamisionari, na yeye mwenyewe alitegemea kwamba atatumwa Afrika. Alijiandaa kwa hilo, akasoma habari za bara letu.

Tarehe 24 Aprili 1886, Jumamosi Kuu, alipewa Daraja Takatifu ya Upadre katika Basilika la Mtakatifu Yohane wa Laterani na Kardinali Lucido Parocchi. Kesho yake, Dominika ya Pasaka, aliadhimisha Misa yake ya kwanza ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro. Mtoto aliyeandikwa kuwa mali ya mtu akauinua Mwili wa Kristo juu ya kaburi la Mtume Petro.

Lakini kabla ya hapo alikuwa ameshapewa habari ambayo hakuitarajia. Kardinali Giovanni Simeoni, mkuu wa Propaganda Fide, aliamua kwamba Tolton haendi Afrika. Anarudi Marekani. Hoja yake ilikuwa kwamba Marekani inajiita taifa lililoendelea kuliko yote, basi sasa ionekane kama inastahili sifa hiyo. Kama haijawahi kumwona padre mweusi, lazima imwone sasa.

Ni hoja nzuri. Ila aliyetakiwa kuibeba mwilini hakuwa Kardinali. Tolton alirudi kwenye nchi ileile aliyoikimbia kwa mtumbwi, na alirudi kwa utii.

Quincy: padre mwema kupita kiasi

Julai 1886 mji wa Quincy ulimpokea kwa shangwe, wazungu na weusi, bendi na maua. Akapewa parokia ndogo ya Mtakatifu Yosefu kwa ajili ya watu weusi. Alihubiri vizuri, aliimba vizuri, alisikiliza maungamo kwa upole. Matokeo yake, wazungu nao wakaanza kuja kwenye Misa zake. Wakaja na sadaka zao.

Hapo ndipo tatizo likaanza. Padre mmoja wa parokia ya jirani, yenye madeni, aliona waamini wake na fedha zao vinahamia kwa padre mweusi. Akaanza kumsema hadharani kwa maneno ya kumdhalilisha, akadai kwamba Tolton ahudumie weusi tu. Malalamiko yakafika kwa Askofu, na Tolton akaelekezwa hivyohivyo. Upande wa pili, baadhi ya wahubiri weusi wa Kiprotestanti nao hawakufurahi kuona watu wao wakivutwa Katoliki. Kwa hiyo alibanwa pande zote, na kikundi chake kilikuwa kidogo na maskini.

Hakujibu matusi kwa matusi. Lakini pia usifikiri alikuwa mtu wa kukaa kimya tu na kuumia. Januari 1889 alikwenda Washington, ambako Daniel Rudd, mwandishi wa habari mweusi Mkatoliki aliyezaliwa mtumwa, alikuwa ameitisha mkutano wa kwanza wa Wakatoliki weusi wa Marekani nzima. Walei wapatao mia moja walikaa kujadili shule, kazi, vyama vya wafanyakazi na haki zao ndani ya Kanisa na ndani ya nchi. Aliyeadhimisha Misa ya ufunguzi ni Padre Tolton. Wajumbe wakapokelewa na Rais Grover Cleveland.

Mwaka huohuo hali ya Quincy ilipozidi kuwa ngumu, aliandika Roma kuomba ruhusa ya kuhama. Hili nalo ni fundisho. Kuvumilia hakumaanishi kukaa pale unapoumizwa hadi uishe. Alitumia njia halali za Kanisa, akaomba, akapewa. Desemba 1889 akahamia Chicago.

Chicago: kanisa lisilokamilika

Askofu Mkuu Patrick Feehan akampa jukumu la kuwachunga Wakatoliki weusi wa jiji zima. Walikuwa wakisalia chini, kwenye sehemu ya ardhini ya kanisa la wazungu. Tolton akaanza kujenga. Mama mmoja alitoa dola 10,000. Mtakatifu Katharine Drexel, binti wa tajiri wa benki wa Philadelphia aliyeutoa urithi wake wote kwa ajili ya watu weusi na wenyeji wa asili wa Marekani, alimsaidia pia. Januari 1894 kanisa la Mtakatifu Monika likabarikiwa. Lilikuwa na paa la muda, halijakamilika. Kutoka watu wachache sana, waamini wakafika mamia.

Martha, yule mama wa makasia, alikuwa pale. Alihamia Chicago akawa anamtunzia mwanawe nyumba. Nafikiri juu ya mama huyu akipiga magoti kila asubuhi, na anayemkomunisha ni mtoto wake.

Kazi ilikuwa ya kuchosha sana. Watu wake walikaa vyumba vya kubanana, wengi walikuwa wagonjwa. Padre Tolton alipanda ngazi za nyumba hizo kila siku, akipeleka Sakramenti, akitafutia watu chakula. Jumlisha na mialiko ya kuhubiri miji mbalimbali. Katika barua kwa Katharine Drexel alieleza jinsi watu wote wanavyomtazama, wakisubiri kuona kama padre mweusi ataweza au atashindwa. Yeyote aliyewahi kuwa wa kwanza wa aina yake mahali fulani anaijua hiyo hali. Ukikosea, hukosei peke yako. Wanasema hawa watu ndivyo walivyo.

Tarehe 9 Julai 1897 Chicago ilikuwa na joto kali mno, karibu nyuzi 40. Padre Tolton alishuka kwenye treni akitoka kwenye mafungo ya mapadre, akaanza kutembea kwenda nyumbani. Akaanguka barabarani. Wakamkimbiza hospitali, na jioni ileile akafariki, mama yake na dada yake wakiwa pembeni. Alikuwa na miaka 43.

Kwa matakwa yake mwenyewe alizikwa Quincy. Ndiyo, Quincy ileile iliyomsumbua. Kaburi lilichimbwa kina kirefu ili siku moja padre mwingine azikwe juu yake, na ndivyo ilivyofanyika. Kanisa lake la Mtakatifu Monika halikukamilika kamwe.

Nilichomjibu dada yangu

Natamani ningemaliza kwa kukuambia kwamba mwisho wote walimwomba msamaha. Hapana. Alikufa amechoka, kazi ikiwa nusu. Zaidi ya miaka mia moja ikapita kabla Jimbo Kuu la Chicago, chini ya Kardinali Francis George, halijaanza mchakato wa kumtangaza mtakatifu. Juni 2019 Papa Fransisko aliidhinisha kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa, hatua ya kabla ya Mwenyeheri. Sasa tunasubiri muujiza.

Basi nilimwandikia dada yangu hivi, kwa kifupi. Nilimwambia kwamba walichomfanyia ni dhambi, na kwamba sitamwambia asamehe harakaharaka ili sisi wengine tukae kwa amani. Nilimwambia kwamba Padre Tolton hakubaki kwa sababu Wakatoliki walikuwa wema. Alibaki kwa sababu aliamini lile Kanisa ni la Kristo, na kama ni la Kristo basi ni la kwake pia, wala hakuna paroko au mzazi au padre jirani mwenye hati ya kumtoa. Aliyekuwa ametoka kwenye njia ya Kanisa ni yule aliyemkataa. Yeye alikuwa nyumbani.

Na nilimwambia jambo la tatu, ambalo lilikuwa gumu kwangu kuliko yote. Kwamba mimi pia nilikuwepo siku ile kwenye mazoezi. Sikucheka, ila sikusema kitu. Nimeomba msamaha.

Hajajibu bado. Nimeona tu alama kwamba meseji ameisoma. Naomba mumwombee, na mniombee na mimi, ili siku nikipewa parokia niwe kama McGirr, nisiwe kama wale walioandika kwamba hakuna nafasi.

Ya kutafakari wiki hii

1. Katika kwaya, jumuiya au kikundi chetu, ni nani anayechekwa kwa ajili ya kabila, lafudhi au hali ya nyumbani kwao?
2. Je, nimewahi kunyamaza pale nilipotakiwa kusema? Naweza kumrudia nani?
3. Kama mimi ndiye niliyeumizwa, ni nani ninayeweza kumwendea ili nisibebe peke yangu?

Tusali

Ee Mungu Baba yetu, uliyemvusha mtumishi wako Augustus mtoni mikononi mwa mama yake na kumfikisha altareni pako, tunakushukuru kwa maisha yake. Utuponye sisi tuliojeruhiwa ndani ya nyumba yako, na utusamehe sisi tuliojeruhi wenzetu au kunyamaza. Ukipenda, umtukuze mtumishi wako hapa duniani, na uwajalie vijana wote wanaosikia wito wako wakute milango iko wazi. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.